Mashine kuukuu ya kufunga marobota ya majani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wa Unguja na Pemba

Mfugaji wa visiwani anaijua hali hii vizuri. Masika ikimalizika majani yamejaa kila upande na mengine huachwa yakazeeka au yakachomwa moto. Kaskazi ikishika, mtu anatembea masafa na panga na gunia kutafuta mzigo mmoja wa majani, na maziwa yanashuka. Mashine ya kufunga marobota ya pembe nne, hata ikiwa imeshafanya kazi miaka arubaini, inaweza kuyahamisha majani ya Juni yakaliwa Februari. Sharti moja ni kwamba inunuliwe kwa jicho la mtu anayekumbuka kuwa kila kipuri kitakachohitajika baadaye kitavuka bahari.

Mashine hii inafanya kazi gani hasa?

Inakokotwa na trekta na inapata nguvu kutoka kwenye shafti ya nyuma ya trekta, ile ambayo mafundi wote huiita PTO. Majani yaliyokatwa, yakakauka na kukusanywa kwa mistari, huzolewa na meno ya chuma, yakasukumwa ndani ya chumba chembamba. Humo mna plunja, pistoni kubwa inayokwenda mbele na nyuma na kuyashindilia majani tabaka juu ya tabaka, huku kisu kilicho ubavuni mwake kikiyakata. Gurudumu dogo lenye meno linapima urefu wa robota. Urefu ukitimia, sindano mbili kubwa zilizopinda zinapanda kutoka chini zikiwa zimebeba kamba, na vipiga fundo viwili vilivyo juu ya chumba vinafunga na kukata. Yote hayo hufanyika mashine ikiendelea kwenda.

Robota linalotoka kwa kawaida lina sentimita 36 kwa 46, na urefu wa kama sentimita 90. Likiwa la majani makavu huwa na kilo 15 hadi 20. Mtu mmoja analinyanyua, linapangika kwenye gari la ng'ombe, linapita mlango wa banda. Kwa hiyo kwa visiwa vyetu ni bora kuliko yale marobota makubwa ya duara yenye kilo mia mbili na zaidi, ambayo hayashikiki bila ya trekta.

Nina ng'ombe wawili watatu tu. Ninunue?

Hapana. Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa mita moja, upana wa nusu mita na kina cha sentimita 40, lisilo na kitako wala kifuniko. Tandika kamba mbili ndani, jaza majani makavu, yakanyage kwa miguu mpaka yashibe, funga, kisha linyanyue sanduku juu. Unapata robota la kiasi cha kilo 20. Watu wawili wanaozoea kazi hiyo wanamaliza mahitaji ya ng'ombe wachache kwa muda mfupi, bila ya dizeli wala grisi.

Basi inamfaa nani?

Tupige hesabu. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 350 anakula kiasi cha kilo 9 au 10 za chakula kikavu kwa siku. Tukisema nusu yake itoke kwenye marobota na nusu nyengine kwenye majani mabichi na pumba, ni kilo 5. Kwa siku 90 za ukame ni kilo 450, yaani marobota 25 ya kilo 18. Kundi la wafugaji wenye ng'ombe mia moja kwa jumla linahitaji marobota 2,500.

Mashine kuukuu iliyo nzima, majani yakiwa yamepangwa vizuri, haishindwi kufunga marobota mia kwa saa. Hayo 2,500 ni saa 25 za kufunga. Ndiyo maana naamini kabisa kwamba visiwani mashine hii ni ya ushirika, au ya mtu mmoja anayewafungia wenzake kwa malipo ya kila robota. Mfugaji mmoja akiinunua peke yake italala bandani karibu mwaka mzima ikila kutu.

Majani yenyewe yatatoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni mabonde ya mpunga kama Cheju na Bumbwisudi kwa Unguja, na mabonde ya Pemba. Mpunga wa masika unavunwa baina ya Mei na Julai, na mabua yake mengi hupotea. Ni chakula hafifu, chenye protini kidogo, lakini kinajaza tumbo na kinakwenda vizuri pamoja na majani ya mikunde au pumba. Kumbuka tu kwamba mabua ya mpunga yana chembechembe ngumu za silika, na kisu kitabutuka upesi kuliko kwenye majani ya kawaida.

Chanzo cha pili ni majani ya malisho yaliyopandwa makusudi kwenye udongo wa kina wa upande wa magharibi, yakakatwa kabla ya kutoa mbegu. Majani ya tembo yana vijiti vinene, hayakauki sawasawa. Hayo ni bora kuyakata mabichi au kuyavundika.

Ardhi ya maweni, kule kusini na mashariki ya Unguja, si ya mashine hii. Jiwe moja la matumbawe likizolewa pamoja na majani linaweza kuvunja kazi ya siku nzima.

Majaruba yetu ni madogo na yana matuta. Itapitaje?

Haitapita, na usiilazimishe. Yabebeni mabua kwa gari la ng'ombe mpaka pahali penye tambarare kando ya bonde, myapange kwa mstari mrefu, kisha trekta ipite juu ya mstari huo. Wapo wanaoisimamisha mashine na kuilisha kwa mikono. Kazi hiyo ni ya hatari na nitaieleza huko chini.

Trekta ya nguvu gani inatosha?

Nguvu farasi 35 ndiyo mwanzo. 45 au zaidi ni raha. PTO iwe ya mizunguko 540 kwa dakika, na shafti yenye meno sita ambayo matrekta mengi ya zamani wanayo. Jambo linalosahaulika ni klachi. Kwenye trekta ya klachi ya hatua moja, ukiikanyaga, trekta na PTO vyote vinakatiwa nguvu pamoja, lakini flaiwili ya mashine, lile gurudumu zito linalotunza mzunguko, bado inazunguka na inaweza kuisukuma trekta mbele. Tafuta trekta ya klachi ya hatua mbili, ambayo inasimama wakati mashine inaendelea kushindilia, au hakikisha shafti ina kifaa cha kuizuia flaiwili isiirudishie trekta nguvu.

Kwa nini nichukue kuukuu, nisinunue mpya?

Kwa sababu namna ya kupiga fundo haijabadilika sana. Asili yake ni mashine za kufungia ngano za karne ya 19, zilizotumia kipiga fundo cha John Appleby wa Wisconsin, Marekani, na mpaka leo mashine mpya za marobota madogo zinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Mashine ya miaka ya 1970 ni chuma, gia, minyororo na springi. Haina kompyuta wala waya wa umeme. Fundi wa kawaida wa Mwanakwerekwe au Chake Chake akikaa nayo siku mbili ataielewa.

Chapa gani ni nzuri?

New Holland, Massey Ferguson, John Deere, International, Claas Markant na Welger zote zimefanya kazi miaka mingi Ulaya, na baadhi zimefika bara. Mimi sichagui kwa rangi. Ninauliza kwanza: kitabu chake kinapatikana? Vipuri vya kipiga fundo bado vinatengenezwa? Kuna mtu Tanga, Arusha au Dar es Salaam mwenye mashine kama hiyo ambaye ninaweza kumpigia simu? Mashine nzuri ambayo hakuna mwenziwe Afrika Mashariki yote itakusumbua zaidi kuliko ya wastani inayojulikana.

Nikienda kuikagua nianzie wapi?

Anzia kwenye vipiga fundo. Muuzaji atataka uone rangi na matairi. Muombe kitambaa na taa.

Katika kila kipiga fundo kuna chuma kidogo kilichopinda chenye mdomo kama wa kasuku. Huo mdomo ndio unaozunguka na kuivingirisha kamba mpaka fundo likapatikana. Ufute grisi na vumbi, kisha pitisha ukucha juu yake taratibu. Ukiwa laini na unang'aa, ni dalili njema. Ukihisi mfereji uliochimbwa na kamba, au vishimo vya kutu, fundo litakuwa linanasa pale badala ya kuteleza. Ufunue ulimi wake mdogo kwa kidole: unatakiwa urudi kwa springi kwa nguvu. Halafu tazama sahani ya kushikia kamba, kisu kidogo cha kukatia, na mkono unaopangusa fundo litoke mdomoni. Mkono huo unatakiwa ukwaruze mdomo kwa karibu sana. Ukiwa umelegea au umelika, fundo halitoki. Mwisho likamate fremu lote la kipiga fundo kwa mikono miwili ulitikise. Likicheza sana, bushi zimekwisha.

Baada ya hapo tazama sindano. Zisiwe zimewahi kuvunjika na kuchomelewa ovyo. Shafti ya PTO ikiwa imetolewa kwenye trekta, zungusha flaiwili kwa mkono kwa upande wake wa kawaida, fungua kile kishikio cha kuanzisha fundo, uendelee kuzungusha polepole. Zitazame sindano zikipanda. Lazima zipite kwenye nafasi zilizochongwa usoni mwa plunja bila ya kugusa. Wakati huo huo angalia kama kizuizi cha usalama kinaingia chumbani: hicho ndicho kinachoisimamisha plunja isizivunje sindano zikiwa bado ndani. Kwenye mashine kuukuu nyingi kizuizi hiki kimeshika kutu, na mwenyewe hana habari.

Kisha ingiza mtaimbo chini ya plunja na uinyanyue. Ikipanda na kushuka waziwazi, reli au beringi zimechoka na kisu hakitakutana vizuri na mwenzake. Uwazi baina ya visu viwili ni mdogo mno, mara nyingi haufiki milimita moja.

Mengine ni ya kawaida: oili ya giaboksi isiwe na maji, minyororo isiwe imerefuka, meno ya kuzolea yasiwe yamepungua nusu, sakafu ya chumba isiwe imeliwa na kutu mpaka inapitisha mwanga. Piga goti uchungulie kutoka chini. Meno na matairi yanapatikana. Sakafu iliyotoboka inachomelewa. Vipiga fundo vilivyokufa vinaweza kugharimu karibu sawa na mashine.

Mashine iko Ulaya au bara mbali, siwezi kwenda. Picha zinatosha?

Hazitoshi. Omba video ya mashine ikifunga marobota kumi mfululizo bila ya kukatwa, na mpigaji asogee karibu na vipiga fundo. Omba na picha ya mdomo wa kila kipiga fundo baada ya kufutwa, na picha ya kibati chenye namba ya mashine. Muuzaji anayesema "ilifunga vizuri msimu uliopita" lakini hawezi kuiwasha leo, muachie.

Nini kije nayo kwenye safari moja?

Kitabu cha matumizi na orodha ya vipuri. Midomo miwili, sahani na visu vya kamba vya akiba, sindano moja angalau, seti ya bolti za usalama, meno ya kuzolea, beringi za plunja, na shafti ya PTO yenye kinga yake ya plastiki. Ukiagiza kimoja kimoja baadaye, nauli na ushuru vitakushinda, na msimu hautakusubiri.

Mashine ina uzito wa tani moja na zaidi na huwa pana, kwa hivyo pima kabla ya kuikodia nafasi melini. Kwenye gharama weka pia upakiaji, bandari, ushuru, na usafiri kutoka bandarini mpaka shamba. Njia za Pemba zenye vilima na kona zilizobanwa na mikarafuu zinataka mkono wa kukokotea uwe umewekwa kwenye hali ya safari, na mtu mmoja atangulie mbele.

Nitumie kamba gani?

Katani. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili yake, na sisi tuna bahati ya kuwa jirani na Tanga. Mkonge uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, na mpaka leo kamba ya katani ya kufungia marobota inatengenezwa huko huko, ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Kamba ya plastiki ni imara, ila inateleza kwenye kipiga fundo kilichorekebishwa kwa katani. Tena ng'ombe akiimeza haiozi tumboni. Kipande cha katani kikibaki kwenye hori hakina madhara hayo.

Kila robota linakula kiasi cha mita 5 za kamba, kwa nyuzi zote mbili. Marobota 2,500 ni kiasi cha kilomita 12 na nusu. Nunua kamba ya unene mmoja, usichanganye, na iweke juu mbali na panya na unyevu. Angalia pia mshale au maandishi yanayoonyesha mwisho upi utoke kwanza. Kuitoa kinyume kunaleta vifundo njiani.

Fundo halikamatiki. Tatizo liko wapi?

Usiguse nati yoyote kwanza. Chukua robota lililofumuka, tafuta ncha za kamba, uzisome.

Ikiwa ncha zimechanika kama nyuzi za ufagio, kamba imekatwa kwa kubanwa: sahani inaishika kwa nguvu kupita kiasi, au kuna ncha kali mahali inapopita. Ikiwa ncha ni nzima na zimepinda tu bila ya fundo, kamba imechomoka: sahani imelegea, au takataka zimejaa chini yake. Ikiwa kuna fundo upande mmoja peke yake, na kamba ya pili haimo ndani yake, basi sindano haikuifikisha kamba kwenye sahani. Tazama kama sindano imepinda, kama imehama, au kama mvutano wa kamba kwenye sanduku la kamba ni dhaifu. Na ikiwa fundo limefungwa vizuri lakini limebaki limening'inia mdomoni mpaka kamba ikakatika, mdomo una kutu au ule mkono wa kupangusa haugusi.

Mashine iliyolala masika nzima huwa na tatizo hili la mwisho, karibu kila mara. Msasa laini kabisa na dakika chache za subira huondoa kutu ya juu juu. Ukirekebisha, badilisha kitu kimoja tu, robo ya mzunguko wa nati, kisha funga marobota matatu uone. Mafundi wetu hodari wa magari hukosea hapa: wanafungua vyote pamoja, na baadaye hakuna anayejua kilichoharibika ni kipi.

Marobota yanatoka yamepinda, au yana ndevu ubavuni.

Ndevu ni kisu kibutu au uwazi wa visu uliozidi. Kupinda ni majani kuingia zaidi upande mmoja. Endesha trekta ili mstari uingie katikati ya meno, kisha tazama vidole vinavyosukuma majani chumbani. Vina nafasi za kurekebisha. Robota jepesi linalolegea linataka springi za kubana zikazwe kidogo, pande zote mbili sawa.

Bolti ya usalama inakatika kila mara. Niweke ngumu zaidi?

Kamwe. Bolti hiyo iliyo kwenye flaiwili imewekwa ikatike yenyewe, ili sindano, plunja na giaboksi vipone. Ukiweka bolti ngumu au msumari uliokatwa, jiwe la kwanza litavunja kitu ambacho hakipatikani Zanzibar nzima. Ikikatika mara kwa mara, ama majani ni mabichi, ama unakwenda kasi, ama visu ni vibutu, ama sindano zimepoteza majira na plunja. Nunua za ugumu ulioandikwa kitabuni, weka nyingi kwenye sanduku la spana.

Majani yawe makavu kiasi gani?

Unyevu uwe chini ya asilimia 20. Baina ya 15 na 18 ndio bora. Hatuna vipimo vya umeme mashambani, lakini chumvi ipo kila nyumba. Kata kata konzi ya majani, yatie kwenye chupa kavu ya mdomo mpana pamoja na kijiko cha chumvi kavu ya unga, funga, tikisa dakika moja au mbili. Chumvi ikibaki inamiminika, funga marobota. Ikigandana, subiri. Kijiti nacho ukikisokota kinatakiwa kivunjike. Kikipindika tu, bado.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi usiku. Majani yaliyokauka jioni yanaamka na umande, kwa hiyo yageuzeni asubuhi na msianze kufunga kabla ya saa nne au saa tano. Mwisho saa kumi jioni. Msimu mzuri ni kipupwe baada ya masika, mkichungulia mvua za mchoo, na tena Januari na Februari wakati wa kaskazi kavu.

Kila siku nifanye nini?

Grisi kwenye vipiga fundo na beringi kabla ya kuanza, futa inayozidi kwa sababu inakusanya vumbi la majani. Kagua oili ya giaboksi, kaza nati, toa kamba zilizojisokota kwenye shafti. Jioni puliza vumbi.

Chumvi ya bahari inakula kila chuma. Niilinde vipi?

Adui mkubwa ni robota linaloachwa chumbani baada ya msimu. Majani yanavuta unyevu, na ndani ya masika moja sakafu na reli zinachakaa. Litoe lote, mpaka vipande vya pembeni. Usiioshe kwa maji ya presha, maji yanaingia kwenye beringi. Tumia hewa ya kompresa na brashi. Paka grisi mdomo, sahani, sindano, visu na shafti zote zilizo wazi, legeza springi za kubana. Chumba chenyewe kipake oili safi, si oili chafu iliyotolewa kwenye injini, kwa sababu majani yatakayopita hapo ni chakula. Marobota mawili ya mwanzo wa msimu usimpe mnyama, yatumie kwa matandiko ya shamba.

Iwekeni chini ya paa, juu ya mbao au sakafu ya saruji, mbali na ufukwe kadiri mnavyoweza. Kila mwezi mtu aizungushe flaiwili kwa mkono mizunguko michache.

Vipuri vinaweza kuchongwa hapa hapa?

Bushi, pini, shafti fupi, mabati ya sakafu, mikono ya fremu: ndiyo, mafundi wetu wa kukereza na kuchomelea wanaviweza. Visu vinanolewa kwa upande wenye mshazari peke yake. Mdomo wa kipiga fundo usichongeshe. Umbo lake na ulaini wake ni wa kiwandani, na ukikosea kwa unene wa ukucha fundo halipatikani.

Ina hatari?

Kubwa, na hapa naomba kila mmoja asome taratibu. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Ncha ya kanga, mkono wa kanzu au uzi wa ushungi ukishikwa na shafti ya PTO, mtu amekwisha kuvutwa kabla hajapiga kelele. Shafti isiyo na kinga haiwashwi. Wanaofanya kazi karibu wavae nguo za kubana, na watoto wasiwepo kabisa.

Majani yakikwama, zima PTO, zima injini, toa ufunguo utie mfukoni, subiri flaiwili isimame kabisa. Usivute majani kwenye meno mashine ikizunguka hata kama ni kishungi kimoja. Meno yanazoa haraka kuliko mkono unavyoweza kuachia. Hata injini ikiwa imezimwa, flaiwili ikizungushwa sindano zinaweza kupanda, kwa hiyo unapoingiza mkono kwenye vipiga fundo au chumbani, mwenzako asiguse flaiwili. Na wale wanaoilisha mashine ikiwa imesimama: tumieni uma wa mpini mrefu, simameni mbali na meno, na dereva abaki kwenye kiti akiwa anakuoneni wote.

Marobota yakishafungwa yawekwe vipi?

Juu ya vijiti au mapaleti, kiasi cha sentimita 15 kutoka sakafuni, na mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Wiki mbili tatu za mwanzo ingiza mkono baina ya marobota kila siku. Joto la kawaida halina neno. Ukihisi yanachoma au yananuka kama tumbaku iliyopikwa, yalifungwa mabichi: yatoe nje uyatawanye siku hiyo hiyo, maana joto likipita nyuzi 65 linaelekea kuwasha moto, na banda la makuti halina muda wa kusubiri. Robota lenye ukungu usimpe ng'ombe mwenye mimba, anaweza kuharibu, na anayelifungua afunge kitambaa puani.